MAJI YASIMWAGWE KABLA HAYAJAMALIZA KAZI

Wengi wetu tuishio Dar es Salaam hatujausahau mwezi wa Oktoba mwaka 2022. Mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na mitambo iliyozoea kutoa lita milioni 466 kwa siku ikabaki kutoa kama lita milioni 300 tu. Mgawo wa maji ukatangazwa. Mitaani madumu ya njano yakapangwa safu kwa safu, na watu wazima wakawa wanaamka saa nane za usiku kusikiliza kama bomba limeanza kukoroma.

Katika nyumba tuliyokuwa tukiishi wakati huo, yenye wapangaji kadhaa na bomba moja uani, siku ya nne ya mgawo nilimaliza kusuuza mashati yangu, nikalimwaga beseni zima mbele ya mlango wa nyuma kama nilivyozoea. Bibi mmoja, mpangaji mwenzetu na mzaliwa wa Kilwa, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchicha.

"Mwanangu," aliniita, "hayo maji yamekukosea nini?"

"Shikamoo, Bibi. Ni maji machafu tu."

"Marahaba. Machafu kwa kunywa, nakubali. Na kwa mgomba ule, nao utayakataa?"

Sikuwa na la kujibu. Mgomba wetu ulikuwa umesinyaa majani, nami nilikuwa nimeyamwaga maji hatua tano tu kutoka shinani pake, mahali ambapo hayakumfaa mtu wala mmea. Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama maji ya nyumbani kwa jicho jingine, na hayo ndiyo ninayotaka tuzungumze Jumapili hii.

MTO MMOJA, VINYWA VINGI

Kwanza tukumbuke maji yetu yanatoka wapi. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka katika Mto Ruvu, ambao chanzo chake ni Milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini ukafuata mwaka 1976. Mitambo hiyo imepanuliwa baadaye, lakini mto ni ule ule. Mvua ikikosekana milimani, hakuna mtambo uwezao kusukuma maji yasiyokuwapo. Kwa sababu hiyo mwaka 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, huko huko Morogoro, ili maji ya masika yahifadhiwe kwa ajili ya miezi ya kiangazi.

Bwawa ni kazi ya taifa. Lakini kila nyumba nayo ina bwawa lake dogo: ndoo, pipa, mtungi, na beseni la kufulia. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, uliokusudia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo hilo halikutimia kwa wakati wake, na hata leo wako kina mama na watoto watembeao zaidi ya hapo na ndoo kichwani. Mtu wa mjini aliyejaliwa bomba uani hana budi kulikumbuka jambo hilo kila anapofungua koki. Maji anayoyaacha yapotee yamechukuliwa mtoni, yamesafishwa kwa dawa na yamesukumwa kwa umeme hadi mlangoni pake. Gharama hiyo yote hupotea pamoja nayo.

MAJI HUSHUKA NGAZI

Yule bibi hakunifundisha ubahili. Alinifundisha utaratibu, nao ni huu: maji ya nyumbani hushuka ngazi, hayapandi. Ngazi ya juu kabisa ni maji ya kunywa na kupikia. Ya pili ni maji ya kuoga, kuoshea vyombo na kufulia. Ya tatu ni maji ya kupiga deki, kuoshea ua na kumwagia chooni. Ya nne, iliyo ya mwisho, ni maji ya miti na mimea.

Maji yaliyofanya kazi katika ngazi moja yanaweza kushuka kufanya kazi katika ngazi ya chini yake. Kamwe yasipande. Maji ya kusuuzia nguo yanaweza kupiga deki, bali hayawezi kuosha sahani. Anayeushika utaratibu huu hahitaji kukariri mafunzo mengi, maana kila ashikapo beseni atajiuliza swali moja tu: je, maji haya yamekwisha kazi, au iko ngazi nyingine chini inayoyangoja?

Nyumba nyingi hutumia maji ya ngazi ya kwanza kwa kazi ya ngazi ya nne. Tunamwagilia maua kwa maji safi ya bomba, kisha tunamwaga kwenye mfereji wa barabarani maji ya kusuuzia ambayo maua yangeyapokea kwa shukrani. Huo ndio upotevu mkubwa kuliko wote, nao hauonekani kwa sababu kila mtu ameuzoea.

ANZA NA KOKI NA MITA

Kabla ya kufikiria kuyatumia maji mara ya pili, tuhakikishe kwamba hatuyapotezi kabla ya kuyatumia mara ya kwanza. Usiku wa leo, watu wote watakapokwisha kulala, weka kikombe cha robo lita chini ya koki inayodondosha, kisha tazama saa. Kikijaa kwa dakika 15, basi koki hiyo inapoteza lita 1 kwa saa, yaani lita 24 kwa siku. Hilo ni zaidi ya dumu moja la lita 20 kila siku, na katika mwezi mmoja ni madumu 36. Aghalabu dosari yenyewe ni kipande kidogo cha mpira kilicho ndani ya koki, ambacho fundi bomba hukibadilisha kwa muda mfupi.

Kuvuja kusikoonekana ni kubaya zaidi. Bomba lililopasuka chini ya sakafu halitoi sauti. Dawa yake ni mita. Usiku fungeni koki zote, ziandikeni tarakimu za mita kwenye kipande cha karatasi, na alfajiri, kabla mtu hajachota, zisomeni tena. Zikiwa zimesogea, maji yanatoka mahali msipopajua, na afadhali kumwita fundi leo kuliko kulipa Ankara ya mwezi mzima. Kumbuka kwamba yuniti 1 ya mita ni lita 1,000, sawa na madumu 50.

Katika nyumba za kupanga, karatasi hiyo ina faida nyingine. Ankara ya pamoja ni chanzo cha ugomvi mkubwa: mwenye watoto sita hushukiwa, asiye na watoto hunung'unika, na mwenye nyumba hukasirika. Mita ikisomwa kila Jumapili mbele ya wapangaji wote na tarakimu zikaandikwa ukutani, watu huacha kushukiana na huanza kutafuta maji yanapotelea wapi. Mara nyingi hugundua kwamba mkosaji wao ni koki na si jirani.

SIKU YA KUFUA

Hakuna siku ambayo maji hutumika kwa wingi kama siku ya kufua. Tuseme mama ana mafungu mawili ya nguo, nyeupe na za rangi, na beseni lake huchukua lita 15. Akitumia maji mapya kila mara, fungu la kwanza litataka beseni la sabuni, la kusuuza mara ya kwanza na la kusuuza mara ya pili. Fungu la pili vivyo hivyo. Jumla ni mabeseni sita, yaani lita 90.

Sasa tufuate ngazi. Nguo nyeupe zifuliwe kwanza, kwa mabeseni yale matatu. Zikianikwa, nguo za rangi ziingie katika maji yale yale ya sabuni, yakiongezwa sabuni kidogo. Maji ya kusuuzia mara ya pili, ambayo yangali meupe, yawe ya kuzisuuza mara ya kwanza. Hatimaye beseni moja tu la maji mapya litoshe kuzisuuza mara ya mwisho. Jumla imekuwa mabeseni manne, lita 60, na zimeokolewa lita 30 bila nguo yoyote kubaki na uchafu.

Na hayo mabeseni manne yasimwagwe. Maji ya sabuni, ambayo ni mazito na yamechafuka, yaende chooni au yasugulie sakafu ya bafu. Maji ya kusuuzia yaliyofifia yapige deki vyumbani na barazani. Beseni la mwisho, lililo safi kuliko mengine, liende kwenye mgomba au mpapai. Hivyo lita 60 zile zile zimefua nguo, zimesafisha choo, zimepiga deki na zimenywesha mti.

Kuhusu kuoga, sina haja ya kusema mengi kwa watu waliolelewa kwa ndoo na kopo. Mtu mzima hutakata kwa ndoo moja ya lita 15 au 20. Mwenye bomba la mvua apime mwenyewe: aweke ndoo chini yake, afungue, na ahesabu dakika za kuijaza. Kisha alinganishe na muda anaokaa akiimba bafuni. Naamini atajifupishia wimbo. Vilevile anayepiga mswaki au kunyoa ndevu huku koki iko wazi ajaribu kutumia kikombe kwa wiki moja, aone kama meno yake yatalalamika.

CHOO CHA KUVUTA

Choo cha kuvuta maji kimeleta usafi, lakini kina kiu. Vyoo vingi vya zamani humwaga lita 9 kila kinapovutwa. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akivuta mara nne kwa siku, humaliza lita 216, karibu madumu 11, nayo yote ni maji ya ngazi ya kwanza. Njia rahisi ya kupunguza ni hii: jaza maji katika chupa ya plastiki ya lita 1 na nusu, ifunge sawasawa, na uisimamishe ndani ya tangi la choo mahali ambapo haitazuia chombo chochote kupanda na kushuka. Kila mvuto utapungua kwa kiasi hicho, na kwa siku mtakuwa mmeokoa lita 36. Usitumie tofali, kwa sababu humeng'enyeka na chembe zake huharibu vyombo vya ndani. Na ikiwa baada ya kuweka chupa inabidi kuvuta mara mbili, basi iondoe, maana haitakuwa tena akiba.

Lililo bora zaidi ni kuwa na ndoo ya maji ya kufulia kando ya choo. Maji yakimwagwa kwa nguvu kidogo na kwa mara moja, hufanya kazi sawa na mvuto wa tangi.

BUSTANI YA UANI

Kipo kisingizio kinachosikika mara kwa mara mjini: "Ningelima mboga, lakini maji ya kumwagilia nitayatoa wapi?" Jibu liko jikoni na bafuni.

Tuta la mchicha lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1 huhitaji, wakati wa jua kali, kadiri ya lita 16 hadi 20 kwa siku. Hilo ni dumu moja. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga na matunda, na ya kuchemshia viazi visivyotiwa chumvi, yakishapoa, ni maji mema kabisa kwa tuta hilo. Weka ndoo moja jikoni kwa ajili yake, nayo isiguswe na sabuni. Jioni utastaajabu kuona imejaa nusu au zaidi.

Maji yenye sabuni kidogo ni ya miti: mgomba, mpapai, mlimao, mnazi mchanga. Mgomba hasa ni mpokeaji mzuri, na ndiyo maana wazee walipenda kuupanda mahali maji ya bafu yanapotokea. Chimba shimo la kina cha magoti, lijaze majani makavu na mabua, panda migomba mitatu au minne kuzunguka ukingo wake, na uelekeze huko maji ya bafu. Majani yale huyapokea maji bila kuacha dimbwi, yakioza huwa mboji, na ua hautakuwa na harufu.

Lakini yako mambo ya kuzingatia. Maji ya sabuni yamwagwe shinani, yasimwagwe juu ya majani. Yasimwagiwe mboga za kuliwa mbichi, kama vile saladi na kotimiri, wala mboga ambazo sehemu iliwayo hugusa udongo, kama karoti. Sabuni nyingi za unga zina chumvichumvi ambayo ikilundikana huufanya udongo ugande na mimea inyong'onyee. Kwa hiyo usimwage mahali pamoja kila siku, zungusha kutoka mti hadi mti, na masika yatakapofika mvua itausafisha udongo. Sabuni ya mche ni pole zaidi. Maji yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yasiende bustanini kabisa.

Hata maji machache yanaweza kutosha yakitunzwa. Mwagilia alfajiri au jioni jua likishatua, maana maji ya adhuhuri huishia hewani. Tandaza majani makavu, nyasi au maganda ya karanga kuzunguka mimea. Matandazo hayo huzuia jua lisiukaushe udongo, na magugu hayapati nafasi. Tuta la kiangazi liwe chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili maji yakae humo badala ya kutiririka. Na ikiwa una mtungi wa udongo uliokwisha umri wa kuwekewa maji ya kunywa, usiutupe. Uzike hadi shingoni katikati ya bilingani na bamia zako, ujaze maji, uufunike. Utatoa jasho polepole usiku na mchana, na mizizi itakunywa kadiri inavyohitaji.

MAJI YATOKAYO MBINGUNI

Sasa tutazame paa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la bati la mita 6 kwa 10 lina mita 60 za mraba. Mvua moja tu ya milimita 20, ambayo si ajabu katika mwezi wa Aprili, humimina juu yake lita 1,200. Tukitoa sehemu moja kwa tano itakayopotea kwa kuruka na kumwagika, zinabaki lita 960, sawa na madumu 48. Hayo yote hushuka kwa saa chache, bure, mlangoni petu, nasi hukimbilia kuyafungia milango yasiingie ndani!

Wazee wa mwambao hawakufanya hivyo. Kilwa Kisiwani, katika magofu ya Husuni Kubwa ya karne ya 14, birika la pembe nane lingaliko hadi leo. Katika miji ya mawe ya pwani, nyumba na misikiti ilikuwa na mabirika, na huko Lamu walitia samaki wadogo ndani yake ili wawale viluwiluwi vya mbu. Kuyathamini maji, basi, si elimu mpya tuliyoletewa. Bomba lilipotufikia ndipo tulipoisahau.

Si kila familia iwezayo kununua tangi kubwa. Anza na pipa moja na kipande cha mfereji wa bati upande mmoja wa paa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, kwa sababu inaosha vumbi, majani na mavi ya ndege. Baada ya hapo kinga. Pipa lifunikwe, na mdomo wake ufungwe wavu mwembamba. Hili si jambo la hiari. Mbu waenezao homa ya dengue, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaana katika maji yaliyotulia majumbani, na huuma mchana. Chombo kisichoweza kufunikwa kimwagwe na kusuguliwa kila wiki, maana yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi.

Maji hayo ya paa ni mema kwa kufulia, kuogea na bustani. Ya kunywa yachemshwe, sawa na mengineyo.

PASIPO NA AKIBA

Ndugu msomaji, baada ya kusifu akiba kiasi hiki, ninalazimika kutaja mahali ambapo akiba hairuhusiwi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kando ya redio kujifunza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kufukuza mbu. Mafunzo hayo hayajapitwa. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kikaenea mikoa mingi. Ugonjwa huo hupenya pale mikono isiponawiwa.

Kwa hiyo kunawa mikono kwa maji safi na sabuni, kabla ya kula, kabla ya kupika na baada ya kutoka chooni, kusipunguzwe hata siku ya mgawo. Kibuyu chirizi, kinachotengenezwa kwa dumu dogo, kamba na kijiti cha kukanyagia, hunawisha mtu kwa maji machache sana yanayotiririka, nacho ni bora kuliko beseni moja la kunawia watu kumi. Maji yaliyofulia nepi au nguo za mgonjwa wa kuhara yaende chooni moja kwa moja. Hayo hayana ngazi nyingine. Na maji yoyote yaliyokwisha kutumika yasilale. Yatumike siku hiyo hiyo, kwani yakikaa huoza, hunuka na huzaa vijidudu. Ndoo zake ziwe na alama, na zisikaribie mtungi wa maji ya kunywa.

NANI ATABEBA BESENI?

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Kila ushauri nilioutoa hapa unamtaka mtu ainuke, ainame, abebe beseni na kulipeleka mahali. Katika nyumba zetu nyingi mtu huyo atakuwa mama, na akichoka mama atakuwa binti. Baba akisoma makala haya Jumapili asubuhi, akakunja gazeti na kutangaza kwamba kuanzia leo maji hayamwagwi, kisha akarudi kitini, atakuwa ameongeza mzigo juu ya kichwa kilichokwisha elemewa. Akiba inayomchelewesha mtoto wa kike shuleni si akiba.

Basi kazi igawanywe. Baba na vijana wa kiume washike pipa, mfereji wa bati, koki na shimo la migomba. Kila aogaye abebe maji yake. Watoto wasome mita, kwa zamu, na waandike tarakimu. Ni hesabu nzuri kuliko nyingi za daftarini. Kujitegemea, ambako tumekuwa tukikusema tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, huanza hapo uani, na hakupendezi kama mmoja anajitegemea kwa mgongo wa mwingine.

Yule bibi wa Kilwa alirudi kwao baada ya mvua kunyesha mwaka ule. Kabla hajaondoka, mgomba uliokuwa umesinyaa ulikuwa umefunua jani jipya, na baada ya miezi kadhaa tuligawana mkungu wake wapangaji wote. Nilipomega ndizi yangu nilikumbuka kwamba katika mgawo ule mti huo haukuwa umepata hata ndoo moja ya maji mapya. Ulilelewa kwa maji ambayo sote tulikuwa tukiyaita machafu.

Wiki hii, ndugu msomaji, usijaribu kuyafanya yote. Chagua ngazi moja tu. Weka ndoo moja jikoni, au funga koki moja inayodondosha, au hesabu mabeseni ya siku ya kufua. Haba na haba hujaza kibaba, na dumu la nyumba yako likijumlishwa na la jirani, Ruvu itapumua kidogo.

Tukutane Jumapili ijayo.